Mwamba Ngoma na Programu za Sataranji

Leo nataka tulichukue swali ambalo wapenzi wa sataranji wamekuwa wakiulizana tangu mashine za kucheza mchezo huo zilipoanza kuuzwa madukani: katika programu zote hizi, ipi ina nguvu zaidi? Na nyuma ya swali hilo kuna lingine, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa: tunajuaje?

Muuzaji siku zote ana jibu lake. Kila toleo jipya linapotoka, boksi linaeleza kwamba limelizidi lile la zamani, na mara nyingi utatajiwa na pointi zenyewe. Wahenga walishasema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Simlaumu mfanyabiashara kwa kusifu mali yake, maana biashara ni matangazo. Lakini anayeuza mzigo si mtu wa kukabidhiwa na mizani. Ninachotaka kukueleza jioni hii ni kwamba namba ya nguvu ikitajwa peke yake haina maana yoyote. Inapata maana pale unapojua michezo mingapi ilichezwa, dhidi ya nani, kwenye mashine gani, kwa muda gani, na nani aliyepima.

Tuanze na kipimo chenyewe. Wachezaji wa sataranji hupimwa kwa pointi za Elo. Elo ni jina la mtu: Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto, akaja kufundisha fizikia katika chuo kikuu mjini Milwaukee. Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, lilianza kutumia kanuni yake mwaka 1970. Kanuni hiyo haijali mchezaji anasifiwa vipi. Inatazama mambo mawili tu: umecheza na nani, na umepata nini. Ushindi ni alama moja, sare ni nusu alama. Wachezaji wawili wakiwa na pointi sawa, kila mmoja anatarajiwa kupata nusu ya alama zote. Mmoja akimzidi mwenzake kwa pointi 100, anatarajiwa kupata alama 64 katika michezo 100. Akimzidi kwa pointi 200, atarajie 76. Kwa pointi 400, kama 91 hivi.

Sasa tazama jambo moja hapo. Katika maelezo yote hayo hakuna mahali tulipomzungumzia mchezaji akiwa peke yake. Pointi za Elo zinapima umbali kati ya watu wanaochezeana. Kwa hiyo mtu akikwambia programu yake ina pointi 2600, swali la kwanza la kumuuliza ni hili: kati ya nani na nani?

Watu waliolijibu swali hilo kwa uaminifu mkubwa, tena mapema, walikuwa raia wa kawaida wa Sweden. Mwaka 1984 chama cha wapenzi wa kompyuta za sataranji nchini humo, kinachojulikana kwa herufi SSDF, kilianza kutoa orodha ya nguvu za mashine hizo. Wanachama walikuwa wakifanya majaribio nyumbani kwao, kwa kujitolea.

Hebu tumwangalie mmoja wao akiwa kazini, katika miaka hiyo ya 80. Mashine nyingi za wakati huo zilikuwa ni ubao wa sataranji wenye vitaa vidogo pembeni, na chini ya kila mraba kuna kifaa kinachohisi kete ikibonyezwa. Mpimaji anaweka mbao mbili mezani, moja ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile. Mashine ya kwanza inafikiri, kisha inawasha vitaa kuonyesha kete itoke mraba upi iende mraba upi. Yeye anaisogeza kete kwenye ubao huo, halafu anageukia ubao wa pili na kurudia hatua ile ile, akibonyeza mraba wa kutoka na wa kufikia ili mashine ya pili ijue imechezewa nini. Kisha anasubiri. Muda waliouweka ulikuwa wa mashindano kamili, yaani hatua 40 kwa saa mbili kwa kila upande. Ni wastani wa dakika tatu kwa kila hatua, na mchezo unaweza kula saa nne kabla ya kufika hatua ya 40. Mchezo ukiisha, anaandika matokeo. Kesho yake jioni anaanza mwingine.

Baadaye programu zilipohamia kwenye kompyuta za kawaida, wapimaji walipata njia ya kuunganisha kompyuta mbili kwa waya, zikawa zinapelekeana hatua zenyewe usiku kucha. Hapo ndipo majina makubwa ya biashara hiyo yalipokutana: programu za Richard Lang wa Uingereza zilizoendesha mashine za Mephisto, Rebel ya Ed Schröder wa Uholanzi, Fritz ya Mholanzi mwingine, Frans Morsch, iliyouzwa na kampuni ya ChessBase ya Hamburg, HIARCS ya Mwingereza Mark Uniacke, Shredder ya Mjerumani Stefan Meyer-Kahlen, na Junior ya Amir Ban na Shay Bushinsky wa Israeli. Kupanda juu ya orodha ya Wasweden kulikuwa na uzito kwa sababu Wasweden hawakuwa wakiuza chochote kati ya hivyo.

Orodha yao ilikuwa na kitu ambacho matangazo ya dukani hayana. Kando ya pointi za kila programu waliandika idadi ya michezo iliyochezwa, na kiasi ambacho pointi hizo zingeweza kuwa juu zaidi au chini zaidi ya zilivyoandikwa. Walikuwa wanasema wazi: tumepata hivi, lakini ukweli unaweza kuwa umesogea kidogo huku au kule. Naomba tusimame hapa kidogo tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi hudanganyika.

Chukua programu mbili zenye nguvu sawasawa kabisa. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, hazitoki sare. Zichezeshe michezo 10. Wengi wetu tutatarajia matokeo yawe 5 kwa 5. Lakini hesabu inasema 5 kwa 5 itatokea karibu mara moja tu katika kila mechi nne za namna hiyo. Mara tatu zilizobaki, mmoja atatoka kifua mbele, ingawa nguvu zao ni zile zile. Tena katika theluthi nzima ya mechi zote, matokeo yatakuwa 7 kwa 3 au pengo kubwa zaidi. Ukiyaweka matokeo ya 7 kwa 3 kwenye kanuni ya Elo, unapata tofauti ya karibu pointi 150. Pointi 150, msikilizaji, baina ya programu mbili ambazo hazitofautiani hata kwa pointi moja! Bahati peke yake imefanya kazi hiyo.

Sare zikiwepo, bahati inapungua nguvu, lakini haiondoki. Baada ya michezo 100, bado unaweza kuwa umekosea kwa pointi kama 60 juu au chini. Baada ya michezo 1,000, unabaki na kama 20. Na kanuni yenyewe ni ngumu: ukitaka kupunguza kosa hilo kwa nusu, lazima ucheze michezo mara nne ya ile uliyocheza. Kwa hiyo mtu akikwambia toleo jipya limelizidi la zamani kwa pointi 30, na ushahidi wake ni michezo 100, ujue hajathibitisha kitu. Huenda anasema kweli. Lakini hajui kama anasema kweli.

Nikupe mfano kutoka katika historia. Mwaka 1995 mashindano ya dunia ya kompyuta za sataranji yalifanyika Hong Kong, kwa raundi tano tu. Kampuni ya IBM ilileta mashine iliyotambulishwa kama mfano wa awali wa Deep Blue, yenye vifaa maalumu vilivyotengenezwa kwa ajili ya sataranji, na wengi waliona taji ni lake. Fritz ilikuwa kwenye kompyuta ya kawaida yenye prosesa ya Pentium. Zilipokutana, Fritz ikashinda, na mwisho wa mashindano ndiyo iliyotwaa ubingwa. Miaka miwili baadaye, Mei 1997, Deep Blue kamili, iliyoweza kuchambua nafasi milioni 200 kwa sekunde, ilimfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov mjini New York kwa alama 3.5 dhidi ya 2.5.

Je, Fritz ilikuwa na nguvu kuliko mashine ya IBM mwaka ule wa 1995? Mchezo mmoja hauwezi kujibu. Fritz ilistahili kombe lake, maana kombe hupewa aliyeshinda siku hiyo. Lakini kombe na kipimo ni vitu viwili, na yeyote anayetaka kununua programu kwa sababu ilichukua kombe katika raundi tano ananunua habari ya wiki moja.

Tuje sasa kwenye mashine. Programu ile ile ukiiweka kwenye kompyuta yenye kasi mara mbili, itaona mbali zaidi, na kwa programu za zama zile uzoefu ulionyesha kwamba ilipanda kwa kiasi cha pointi 50 hadi 70. Fikiria basi mtu anachukua toleo jipya kwenye kompyuta mpya, analipambanisha na toleo la zamani kwenye kompyuta ya zamani, kisha anatangaza maendeleo makubwa. Amepima nini hapo, programu au prosesa? Wasweden walilijua hilo, ndiyo maana kwenye orodha yao jina la programu liliandikwa pamoja na kompyuta iliyotumika. Programu moja ikiwa kwenye kompyuta mbili tofauti, walizihesabu kama wachezaji wawili.

Halafu kuna suala la ufunguzi. Programu za biashara zilikuja na hazina ya hatua za mwanzo zilizoandaliwa na binadamu, na programu inacheza kutoka kwenye hazina hiyo bila kufikiri kabisa. Mwandaaji mjanja angeweza kuchunguza programu ya mpinzani, akatafuta njia inayoiingiza shimoni, na kuipanda njia hiyo ndani ya hazina yake. Tena programu nyingi ziliwekewa uwezo wa kukumbuka: njia iliyoleta ushindi jana irudiwe leo. Sasa mpinzani asiyekuwa na kumbukumbu hiyo atacheza hatua zile zile, apoteze mchezo ule ule, mara tano, mara kumi. Kwenye karatasi utaona ushindi kumi. Kwa kweli ni ushindi mmoja ulioandikwa mara kumi.

Ndiyo maana wapimaji wengi wa siku hizi huziondoa hazina hizo, wakachagua wenyewe fungu la mianzo mbalimbali. Kila mwanzo unachezwa mara mbili, programu zikibadilishana nyeupe na nyeusi, kama ambavyo ligi ya mpira inavyozitaka timu zikutane nyumbani na ugenini. Makundi kama CCRL na mashindano ya TCEC, yaliyoanza mwaka 2010, yamejengwa juu ya nidhamu ya namna hiyo: mashine zinazolingana, muda unaojulikana, na michezo yote iko wazi kwa yeyote anayetaka kuikagua.

Muda nao si jambo dogo. Programu inayong'ara katika michezo ya dakika chache inaweza isiwe ile ile inayong'ara ikipewa saa mbili. Na kadiri unavyozipa programu hodari muda mrefu, ndivyo sare zinavyoongezeka na tofauti inavyosinyaa. Kwa hiyo hata neno "nguvu" linataka kuulizwa: nguvu katika muda gani?

Mfano unaoonyesha yote haya kwa pamoja ni ule wa AlphaZero. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza kwamba programu yake, iliyojifunza sataranji kwa kucheza na nafsi yake, imekutana na programu nyingine, Stockfish 8, katika michezo 100. Matokeo: ushindi 28, sare 72, kushindwa hakuna. Piga hesabu: 28 jumlisha nusu ya 72, unapata alama 64 kati ya 100. Ni ile namba tuliyoitaja mwanzoni, tofauti ya pointi 100.

Dunia ya sataranji ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka, maana michezo ile ilikuwa mizuri sana. Lakini waliozoea kupima waliuliza maswali yao. Stockfish ilibanwa icheze kwa dakika moja kwa kila hatua, ilhali imeundwa kuamua yenyewe wapi itumie muda mwingi na wapi ipite haraka. Ilipewa kumbukumbu ndogo kulingana na idadi ya prosesa zilizokuwa zikifanya kazi. Na AlphaZero ilikuwa ikiendeshwa na vifaa maalumu ambavyo mtu wa kawaida hana.

DeepMind walirudi mwaka mmoja baadaye, Desemba 2018, na matokeo mapya katika jarida la Science. Safari hii ilikuwa michezo 1,000, kwa saa tatu kila upande na nyongeza ya sekunde 15 kwa kila hatua. AlphaZero ikashinda 155, ikashindwa 6, iliyobaki sare. Ukiyaweka matokeo hayo kwenye kanuni, tofauti inakuwa kama pointi 52. Unaona kilichotokea? AlphaZero bado ndiyo iliyokuwa juu, na kwa michezo 1,000 hakuna wa kusema ni bahati. Lakini masharti yalipobadilika, pengo nalo likabaki karibu nusu ya lile la kwanza. Waliouliza walikuwa sahihi kuuliza, na waliopima upya walifanya la kiungwana kwa kupima upya. Kilichobaki kuwa kasoro ni kwamba programu yenyewe haikutolewa kwa umma, kwa hiyo mpimaji wa nje hakupata nafasi ya kuiweka kwenye mizani yake.

Kuna kosa lingine ambalo nalisikia mara kwa mara. Mtu anasema: mchezaji Magnus Carlsen, katika kilele chake mwaka 2014, alifika pointi 2882, na programu za leo zina zaidi ya 3500, kwa hiyo zinamzidi kwa pointi 600 na ushee. Programu zinamzidi binadamu, hilo halina ubishi. Lakini namba hizo mbili zimetoka katika madimbwi mawili tofauti. Carlsen alipata pointi zake kwa kucheza na watu. Programu zinapata zake kwa kuchezeana zenyewe. Wasweden walijaribu kuyaunganisha madimbwi hayo kwa kuzichezesha mashine zao na wachezaji wa kibinadamu, na ilipofika mwaka 2000 waliona orodha yao imeelea juu mno, wakaishusha yote kwa pointi 100. Mpimaji anayekubali kushusha orodha yake mwenyewe, mimi namwamini.

Na leo madaraja kati ya madimbwi hayo ni machache sana. Mwaka 2006 mjini Bonn, bingwa wa dunia Vladimir Kramnik alifungwa na Deep Fritz kwa alama 4 dhidi ya 2, na katika mchezo wa pili hakuona kwamba mfalme wake anamalizwa kwa hatua moja. Baada ya hapo hamu ya kupambanisha mabingwa na mashine ilikwisha.

Sasa, msikilizaji, tukirudi kwenye soko, utakuta jambo la kufurahisha. Programu inayoongoza mara nyingi siku hizi, Stockfish, haiuzwi kabisa. Ilizaliwa mwaka 2008 kutokana na Glaurung ya Tord Romstad wa Norway, na inatolewa bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani. Tangu mwaka 2013 kila badiliko linalopendekezwa hupelekwa kwenye mfumo uitwao Fishtest, ambako watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali huazima nguvu za kompyuta zao, na badiliko huchezeshwa maelfu kwa maelfu ya michezo kabla ya kukubaliwa au kukataliwa. Naamini siri kubwa ya nguvu zake iko hapo. Watu waliokubali kupima kwa unyoofu wamejenga kitu kilichoyapita makampuni yenye fedha, kwa sababu kila wazo lao, hata la fundi mkubwa, linapita kwenye mizani ile ile.

Kwa hiyo ukitaka programu ya kujifunzia, usihangaike na ile inayozizidi nyingine kwa pointi 40. Mwanafunzi wa pointi 1200 hatafaidika chochote na tofauti kati ya 3500 na 3540, zote mbili zitamfunga bila jasho. Kama ni kulipa, lipia kitu kingine: masomo yaliyopangwa vizuri, hazina ya michezo ya mabingwa, mpinzani anayeweza kushushwa hadi kiwango chako akafanya makosa ya kibinadamu. Hayo ndiyo mambo ambayo programu ya biashara bado inaweza kukuuzia kwa haki.

Na somo hili si la sataranji peke yake. Tunaingia katika zama ambazo kila wiki tunaambiwa mashine fulani imepata alama fulani katika mtihani fulani, inatafsiri kuliko nyingine, inatambua ugonjwa kuliko nyingine. Namba hizo zitakuja kwetu zikiwa na sauti ya uhakika. Tusizikatae, na wala tusizipigie magoti. Tuulize majaribio yalikuwa mangapi, yalifanywa katika hali gani, kama mtu mwingine anaweza kuyarudia, na aliyepima anafaidika nini na jibu. Asiyeweza kujibu maswali hayo ametuletea tangazo. Anayeyajibu kabla hajaulizwa, akatuambia na kiasi anachoweza kuwa amekosea, huyo ametuletea kipimo, na anastahili kusikilizwa.